Kiyoyozi Kilichovishwa Kitambaa

Eufrazia alikuwa mwanamke wa kufunika vitu. Usimcheke. Wanawake wa rika lake waliosomeshwa na masista kule Matombo walifundishwa kwamba kitu kilichoachwa wazi ni aibu ya mwenye nyumba, na yeye somo hilo alilishika kuliko katekisimu. Redio ilikuwa na kitambaa chake. Makochi yalivaa vitambaa migongoni na mikononi. Mtungi wa maji, cherehani, hata sanduku la nguo lililokaa chini ya kitanda asipoliona mtu, vyote vilistiriwa. Alidarizi mwenyewe, na mkono wake ulijulikana mpaka Mwembesongo. Bibi harusi asiyekuwa na foronya za Eufrazia aliolewa vizuri tu, ila watu hawakuacha kusema.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa chuma cha kijivu, kimetokeza dirishani mwa chumba cha mwanawe, atafanya nini? Atakivisha.

Chuma chenyewe siku hizi tunakiita kiyoyozi. Wakati ule, miaka ya ujamaa, waliokijua mjini Morogoro walikuwa wachache, nao walikiita mashine ya baridi. Eufrazia na mumewe hawakukinunua. Mumewe, Laurenti, alikuwa Mhaya wa Bukoba, mhasibu katika shirika la umma, na shirika lilipompa nyumba chini ya mlima alikikuta kimo, kimeachwa na mtaalamu wa kigeni aliyekwisha kurudi kwao. Mtaalamu aliwaachia mashine na swichi. Namna ya kuitunza aliondoka nayo.

Ingekuwa si Koleta, wasingeiwasha kamwe. Koleta alikuwa mtoto wao wa pekee, bado hajaanza shule, na alikuwa na pumu. Daktari aliwaambia maadui wa mtoto huyu ni vumbi na moshi. Na kiangazi cha Morogoro kina vyote viwili kwa wingi: huku chini barabara inatimka vumbi, kule juu Waluguru wanachoma mashamba kungoja mvua, na moshi unashuka taratibu mpaka mjini. Basi wakafunga madirisha ya chumba cha mtoto na kuwasha mashine. Mwaka wa kwanza Koleta alilala kama watoto wengine, na Eufrazia akamshukuru Mungu na umeme wa serikali kwa pamoja.

Lakini ilikuwa miaka ya Azimio. Mtu aliitwa kupe kwa kumiliki vitu vidogo kuliko kiyoyozi. Jioni moja balozi wa nyumba kumi alikuja kwa shughuli za chama, akachungulia mlango wa chumba ulioachwa wazi, akasema, "Ahaa, Ndugu Laurenti, kumbe Ulaya imehamia kwako!" Alicheka, akanywa chai, akaondoka. Laurenti hakucheka. Asubuhi yake akamwambia mkewe, "Kile kidude kifunike." Na tangu siku hiyo hakuthubutu kumwita fundi wa shirika aje kukitazama, kwa sababu, alisema, fundi ana mikono miwili na mdomo mmoja, na huo mdomo ndio unaofanya kazi zaidi.

Eufrazia alikaa na kitambaa cheupe cha marekani muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa na kazi yoyote. Akadarizi mwenge katikati, na chini yake, kwa uzi mwekundu, UHURU NA KAZI. Akakitundika mbele ya mashine kwa misumari, kikafunika uso wote, akabakiza ule mwanya wa juu tu unaotoa baridi. Aliona amefanya jambo la busara: hewa inatoka juu, huku mbele pana kazi gani? Balozi alipokuja tena aliona kitambaa cha mzalendo, akakisifia. Laurenti akapumua.

Koleta ndiye aliyeanza kukosa pumzi.

Haikuja kwa ghafla. Kiangazi cha pili kilipoingia, mtoto alikohoa alfajiri. Kisha akakohoa mchana. Kisha kifua kikaanza kulia filimbi kila alipolala chumbani, na Eufrazia akawa anakaa kando ya kitanda akizihesabu mbavu za mwanawe zikiingia na kutoka. Mashine nayo ilikuwa imebadilika. Ilinguruma zaidi na kutoa baridi kidogo, na chini yake maji yalidondoka mpaka akaitegea beseni. Chumba kilinuka ukungu, kama nguo zilizokunjwa mbichi. Alisugua sakafu na kupangusa ukuta. Alikifua na kukipiga pasi kile kitambaa, akakirudisha mahali pake. Kila alichofanya alikifanya kwa mapenzi, na hali ya mtoto ilizidi kuwa mbaya. Aliogopa. Aliogopa sana, na hakuwa na wa kumwambia, maana Laurenti kila jioni alisema neno lile lile: "Mfungie ndani, mashine itamsaidia."

Habari za mtoto mgonjwa hupanda mlima haraka kuliko lori. Asubuhi moja, Laurenti akiwa kazini, Agustino alitokea.

Agustino alikuwa kaka yake Eufrazia, mkulima wa upande wa juu wa Mkuyuni. Na kwa asiyejua mambo ya Waluguru, niseme hapa hapa: mtoto kwao ni wa ukoo wa mama. Baba ni baba, anaheshimiwa, anapikiwa kuku, lakini mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Agustino hakuja kumjulia hali mpwa wake. Alikuja kumchukua.

"Shikamoo, kaka," Eufrazia alisema akimpokea mfuko.

"Marahaba, lumbu." Alimwita hivyo, kama kaka wa Kiluguru anavyomwita dada yake. Hakukaa. "Yuko wapi?"

Aliingia chumbani, akasimama katikati, akavuta hewa puani. Koleta alikuwa amekaa kitandani, mabega juu, macho makubwa. Agustino alimbeba, akampeleka barazani nyuma ya nyumba, akamkalisha kivulini akimmenyea chungwa. Filimbi ya kifuani haikuisha, ila ilipungua mpaka mtoto akauliza kama mjomba ana mbuzi.

"Umeona?" Agustino alisema. "Nje anapumua. Ndani anakufa. Na nyinyi mnamfungia ndani."

"Daktari alisema vumbi, kaka."

"Daktari hajalala humo. Leo lori la Mkuyuni linaondoka alasiri. Nitaondoka naye. Kule kwetu kuna hewa, Eufrazia. Hewa ya Mungu, haihitaji waya."

Eufrazia aliujua mlima. Alizijua asubuhi zake za ukungu, na alizijua nyumba zake, jiko la mafiga ndani, moshi ukijaa mpaka darini. Mama yao alikohoa mbele ya jiko lile maisha yake yote, akafa akikohoa, na hakuna aliyelipa jambo hilo jina. Kutoka pale mpaka zahanati ni kumbeba mtu kwa machela. Lakini kaka yake alikuwa amesema kweli, na alikuwa na haki. Ukoo ukisema mtoto aje, mama Mluguru anafunga nguo za mtoto.

Akaanza kuzifunga.

Laurenti alirudi kula mchana, akakuta furushi sebuleni. Aliliangalia furushi, akamwangalia shemeji yake, akaelewa bila kuelezwa.

"Mwanangu haendi popote," alisema.

"Shemeji, ngoja nikae tuongee," Agustino alisema kwa upole. "Huyu ni mtoto wetu."

"Ni mtoto wangu! Kwetu mtoto ni wa baba yake."

"Na hapa si kwenu."

Neno hilo likakaa sebuleni kama mgeni wa pili. Koleta alikuwa begani kwa mjomba wake, na sauti zilipopanda akaanza kulia, na kilio kikamkaba. Hapo ndipo shambulio lenyewe lilipokuja. Midomo ikapauka. Laurenti akamnyakua kutoka begani kwa Agustino, akakimbia naye chumbani, akamlaza, akafunga dirisha, akaizungusha swichi ya mashine mpaka mwisho. "Baridi! Anahitaji baridi!" alipiga kelele. Agustino alisimama mlangoni. "Unamuua mbele ya macho yangu."

Eufrazia alimpa mtoto kidonge cha hospitali, akamketisha wima, akamwegemeza kifuani pake. Kando yao mashine ilinguruma kama gari lililokwama kwenye tope. Maji yalijaa beseni, yakamwagika, yakatambaa mpaka miguuni pake, yakalowesha ncha ya kitambaa. Kwa mazoea tu, kwa kuwa hakuweza kuona kitambaa chake kikiloa, akanyoosha mkono kukiinua.

Kitambaa kilikataa.

Kilikuwa kimeng'ang'ania uso wa mashine kana kwamba kuna mtu upande wa pili anakivuta. Akavuta zaidi. Kilipobanduka, mashine ikatoa mvumo mpya, mrefu, kama mtu aliyetolewa mkono mdomoni. Akakirudisha. Ikakaba. Akakibandua. Ikapumua.

Alikuwa akidhani siku zote kwamba mashine inapuliza tu. Hakujua kuwa inavuta.

"Mtoeni mtoto nje," alisema.

"Nje kuna moshi..." Laurenti alianza.

"Mtoe nje, Laurenti!" Hakuwahi kumpigia mumewe kelele tangu wafunge ndoa. Laurenti alimbeba mtoto, akapita mbele ya Agustino bila kumtazama, na wote wawili wakajikuta wamekaa barazani benchi moja, mtoto katikati, kwa kuwa benchi lilikuwa moja.

Eufrazia akazima mashine. Akashika uso wake wa plastiki wenye mianya, akautikisa huku na huku mpaka ukachomoka. Ndani hakuona chuma. Aliona blanketi. Zulia zito la kijivu lililoshikamana kutoka pembe hadi pembe, nywele, vumbi, nyuzi, na zaidi ya vyote nyoya laini jeupe lililopoteza rangi. Alichukua kidogo kwa vidole, akalisugua. Alilijua. Lilikuwa sufi.

Sufi ilitoka kwao, kwenye msufi alioupanda mama yao. Agustino mwenyewe ndiye aliyewaletea gunia zima, na Eufrazia akashona godoro na mto wa Koleta, mishono mizuri ya kudarizi, mizuri kwa macho, iliyoachia pembeni. Kila mtoto alipojigeuza, sufi na vumbi lake vilipepea chumbani. Mashine ikavivuta pamoja na hewa.

Alibandua lile zulia polepole. Chini yake kulikuwa na karatasi ya sponji, nyembamba, yenye vitundu vidogo vidogo, au iliyowahi kuwa na vitundu. Nyuma ya sponji yalipangwa mabomba membamba, na mabomba yale, katika kiangazi cha Morogoro, yalikuwa yameganda barafu. Eufrazia hakusoma ufundi, lakini alishachuja tui maisha yake yote. Chujio likijaa machicha tui halipiti, hata ukikamua mpaka vidole viume. Akaona sasa mzunguko wote: mashine haileti hewa ya peponi, inavuta hewa ile ile ya chumbani kupitia sponji, sponji inakamata vumbi, hewa inapoa kwenye mabomba, inarudi juu. Sponji ikiziba, hewa haitoshi, mabomba yanaganda, maji yanamwagika, ukungu unaota, na ule ukungu ndio unaorudishiwa mtoto usoni. Na yeye, juu ya chujio lililojaa, alikuwa ametundika kitambaa.

Alikaa chini kwenye maji. Alilia kidogo tu, maana hapakuwa na nafasi. Alijua jambo moja wazi kabisa: akitoka na kusema alichokiona, kaka yake atakuwa na neno la mwisho. Mama mwenyewe ndiye aliyeziba. Angeweza kuiosha sponji kimya kimya, akasema mashine ilikuwa na hitilafu ndogo. Mashine hazisemi.

Alitoka barazani ameishika sponji kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto mchafu.

"Ni mimi," alisema. "Na ni sisi wote. Hii inatakiwa kuoshwa mara kwa mara, na haijaoshwa tangu tuhamie. Mimi nikaifunika kwa kitambaa. Wewe, Laurenti, ulimzuia fundi kwa kuogopa mdomo wake. Na hii, kaka," akanyoosha kiganja chenye lile nyoya la kijivu, "ni sufi ya mama."

Laurenti aliangalia sponji, kisha akaangalia viatu vyake. Agustino alichukua sufi kutoka kiganjani mwake, akaipindua, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukawa wa mtu aliyechoka.

"Basi hoja imekwisha," alisema hatimaye. "Umesema mwenyewe. Nyumba hii inamziba. Lete furushi."

"Nimesema kosa liko wapi, kaka. Kosa likijulikana linaoshwa. Kule kwetu moshi uko jikoni, na jiko liko ndani, na mtoto atalala humo humo. Kule utaosha nini?" Akaendelea. "Mama alikohoa mpaka akaisha. Tulimpa majani. Hakuna aliyetoa jiko nje. Hata wewe hukulitoa."

Alikuwa amemuumiza, na alijua. Agustino aligeuza uso kuelekea mlimani.

Eufrazia hakungoja ruhusa. Aliweka karai kando ya bomba la uani, akaiosha sponji kwa maji na sabuni kidogo iliyobaki, akiiminya bila kuikamua isije ikachanika. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili yakatoka kama chai ya rangi, ya tatu yakatoka safi. Akaianika kivulini penye upepo. Jua kali lingeila, aliona jinsi ilivyochakaa. Kisha akafuta uso wa mashine na kukausha sinia la maji, akaacha barafu iyeyuke yenyewe. Laurenti akaja nyuma yake.

"Washa sasa, mabomba si yameyeyuka? Sponji tutairudisha baadaye."

"Bila sponji, vumbi litakwenda kukaa kwenye mabomba, na huko siwezi kufua. Tungoje."

"Na mtoto?"

"Mtoto yuko nje, anapumua. Tungoje, Laurenti."

Wakangoja. Ni kazi ngumu kuliko zote, kungoja sponji ikauke huku unasikiliza kifua cha mwanao. Kidonge kilianza kufanya kazi. Filimbi ikawa inakuja na kuondoka. Godoro na mto wa sufi vilitolewa nje, chumba kikapanguswa kwa kitambaa chenye maji, sakafu mpaka juu ya mlango. Laurenti alipangusa. Ndiyo, mhasibu, amekunja suruali, mbele ya shemeji yake.

Honi ya lori ilisikika kutoka barabarani, mara moja, kisha mara nyingine kwa mkono wa dereva asiye na subira. Eufrazia aliganda na karai mkononi. Furushi lilikuwa miguuni kwa Agustino. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amelegea kwa uchovu, kichwa kifuani. Asimame tu, atembee, hapakuwa na mtu ambaye angemzuia kwa haki.

Lori likapiga honi ya mwisho, likaondoka. Agustino hakusogea.

Jua liliposhuka nyuma ya nyumba, sponji ilikuwa kavu. Eufrazia aliirudisha mahali pake, akapachika uso wa mashine, akawasha. Haikunguruma. Ilivuma, sawasawa, na baridi ikatoka juu ikiwa safi, haina harufu. Walimlaza Koleta kwenye mkeka uliotandikwa shuka. Mjomba akaketi upande mmoja, baba upande wa pili, na mama akasimama mlangoni kwa kuwa hakuweza kukaa. Filimbi iliendelea. Ikapungua. Ikarudi, wakatazamana. Kisha ikapungua tena, mpaka wakawa wanainama kuisikia, na mtoto akageuka ubavu akalala na mdomo umefungwa. Eufrazia alishika fremu ya mlango. Koleta hakuwa amepona, pumu haiponi kwa siku moja. Lakini alilala.

Asubuhi Agustino alikunywa chai, akajifunga kwa safari. Alilikunja godoro la sufi, akalifunga kamba, akalitwika kichwani bila kuulizwa na mtu. Laurenti alimsindikiza mpaka njia panda, na Eufrazia nyuma yao, Koleta mgongoni, kama desturi.

"Shemeji," Agustino alisema alipofika pa kuagana, "nyumba ile ni yako. Mtoto ni wa ukoo. Hatujamwacha. Tumewaazima, mpaka mvua. Nikija nikikuta chumba kile kinanuka, sitakaa hata kunywa maji."

Eufrazia alimtazama mumewe. Alikuwa ameolewa naye kanisani na kumsikia kila siku akisema mwanangu, damu yangu, jina langu. Akangoja alirudie neno hilo.

"Ahsante, shemeji," Laurenti alisema. "Nitamtunza."

Kisha akamshika mkewe mkono, hadharani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.